Vijiji Vitano na Bomba Moja

Iko siku moja ambayo hata nikija kusahau jina langu, yenyewe sitaisahau, mwanangu. Ilikuwa Jumatano, jua la saa nne, hapa hapa La Rochelle, Johannesburg. Nilikuwa nimesimama mbele ya bomba la maji, ufunguo umening'inia shingoni kama shanga za bibi harusi. Mbele yangu alisimama Mama Jeanine, Mrundi, na mapacha wake wa wiki tatu, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, ndoo iko chini. Nikamtazama usoni nikamwambia, "Wewe haumo kwenye orodha."

Nitakueleza nilivyofikia hapo. Usiniharakishe. Maji ya mlimani hayashuki kwa mstari ulionyooka.

Nakuandikia wewe, Neema, na wenzako wote mliozaliwa hapa, mnaosikia Kiswahili changu mkajibu kwa Kizulu. Jumapili ulikuja na koti jipya, ukasema, "Koko, bibi yangu, nimepata kazi! Nitashika geti kule kwenye magorofa ya Randburg. Nitakuwa na orodha. Wale ambao mwenye nyumba hawataki, nazima kadi zao tu, hawaingii." Binamu zako wakakupigia makofi, "Sharp, sharp!" Mimi nikaendelea kusonga fufu. Ukadhani nimefurahi. Mwiko ulikuwa unazunguka, lakini moyo ulikuwa umesimama.

Miaka ile nywele zangu zilikuwa nyeusi, na meno yote yalikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka Uvira na mama yako Bahati akiwa na miaka saba. Shule niliishia darasa la tatu, ila majina ya watu hayanipotei. Tulipanga katika ua mmoja: nyumba kubwa mbele, na nyuma vyumba sita vimepangana kama meno ya sega. Chumba cha kwanza, jirani na bomba, kilikuwa changu. Cha pili, Mama Esperance wa Bukavu, msusi. Cha tatu, Mzee Shabani wa Kigoma, mlinzi, na mkewe Mwajuma. Cha nne, Mama Jeanine. Cha tano, ndugu wawili wa Lubumbashi, Trezo na Diedone. Cha sita, kule mwisho ukutani, Wakurdi: Azad, aliyeshona makoti ya ngozi katika karakana ya Jeppestown, na mama yake mzee, Zarife.

Tulimwita Daye Zarife, kwa sababu mwanawe alimwita hivyo. Daye kwao ni mama. Alikuwa mwembamba, mkavu kama ukuni, na kichwani hakukosa kitambaa cheupe. Kiswahili chake alikiokota mle mle uani, kama kuku anavyookota mtama, punje moja moja. Lakini punje alizokuwa nazo alijua kuzitupa.

Mwenye ua alitaka kuuza. Mnunuzi alitaka vyumba vya nyuma viwe vitupu kwanza. Kosa hatukuwa nalo, na karatasi ya mahakama hawakuwa nayo. Basi wakala wake, Bwana Lukas, akaja na akili nyingine. Alileta fundi, wakajenga kisanduku cha chuma kulizunguka bomba, kikawekwa mlango, mlango ukawekwa kufuli. Kisha akaja kwenye kizingiti changu, kofia mkononi, mpole kama mchungaji wa kanisa.

"Mama Bahati," akasema, "wewe ni mtu wa akili. Shika ufunguo huu. Fungulia chumba cha kwanza mpaka cha tatu. Hao wengine wakikaukiwa wataondoka wenyewe, bila kelele. Wewe utabaki. Nitakuwekea hata dirisha jipya."

Mwanangu, sikuombwa mara mbili. Huo ndio ukweli, na mzee anayeficha ukweli wake hana nasaha, ana hadithi tu. Mimi, mkimbizi, niliyekuwa nikiitwa "wewe, hapo!" kila nilipokwenda, leo naitwa mtu wa akili na naambiwa shika. Nikashika. Nikatafuta uzi, nikauvaa ufunguo shingoni ili kila mtu auone.

Na usifikiri sikujua. Mimi ni mtoto wa chini ya mlima. Kwetu mto wa Mulongwe unashuka kutoka milimani mpaka ziwani, na msichana kabla hajajua kusuka nywele anajua sheria ya maji: ya kunywa yanachotwa juu, nguo zinafuliwa chini yake, na mihogo michungu inalowekwa chini kabisa, isije ikawatia wengine sumu. Aliyeloweka mihogo juu ya kisima cha watu, mama zetu walimtolea mihogo yake yote njiani, ikaliwa na mbuzi, na jina lake likaimbwa wiki nzima. Nilijua. Lakini cheo kidogo kinaziba masikio makubwa.

Basi tuirudie ile Jumatano. Mama Jeanine aliitazama ndoo yake, akanitazama mimi.

"Mama Bahati, juzi si uliniazima chumvi?"

"Chumvi ni yangu. Maji ni ya Bwana Lukas."

Akacheka, kicheko kikavu. "Eish. Tangu lini maji yakawa na bwana? Haya. Na hizi nepi nizifue kwa mate?"

Mtoto wa mgongoni akaanza kulia, na wa kifuani akamfuata, kama mapacha walivyo. Ndipo nikasikia kandambili zinaburuta kutoka kule mwisho. Ni Daye Zarife, na ndoo yake. Hakuinyoosha kwangu. Aliigeuza juu chini, akaikalia, pale pale mbele ya bomba.

"Mama Bahati, kaa."

"Sina nafasi, Daye."

"Ufunguo unao, nafasi huna? Kaa!"

Nikakaa chini. Kuna sauti ambayo magoti yanaitii kabla ya kichwa. Akaokota kijiti, akachora mstari mrefu mavumbini, akapanga kokoto tano kando ya mstari. Akazigusa moja moja kwa kijiti, kutoka juu kwenda chini: "Serav. Dargoz. Mezre. Ashajer. Berav." Kisha akanieleza, na mimi ninakueleza wewe kwa Kiswahili changu, maana chake kilikuwa na mashimo aliyoyaziba kwa mikono.

Kwao ni milima mitupu. Chini ya mwamba, kule juu, theluji inayeyuka na kijito kinatoka, baridi yake ukitia mkono unahisi umekatwa na kisu. Kijito kinapita vijiji vitano vya Wakurdi. Serav ndicho cha kwanza, kwenye chemchemi. Dargoz kina miti ya jozi, Mezre kina zizi la kondoo, Ashajer kina kinu cha kusagia ngano kinachozungushwa na maji. Berav kiko chini kabisa, karibu na barabara, na ndiko wanawake wa vijiji vyote walikokwenda kufua sufu kila mwaka, wakiipiga kwa vibao vya mti mpaka mlima unaitikia.

Maji yaligawanywa kwa zamu. Kila kijiji kilikuwa na mfereji na jiwe lake. Kulikuwa na mzee wa maji, mirav wanamwita, aliyepima zamu kwa kivuli cha fimbo: kivuli kikifika hapa, Serav wanaweka jiwe, maji yanateremka Dargoz, kikifika pale, Dargoz wanaweka lao. Mirav alikuwa baba yake Zarife. Zarife alizaliwa Serav juu, akaolewa Berav chini.

"Mwaka mmoja theluji kidogo," akasema. "Jua kali. Baba akafunga maji Serav. Akasema, kwanza wangu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Berav watoto wanakunywa tope."

Wanawake wa Berav wakabeba mitungi mitupu, wakaupanda mlima. Walipopita Ashajer, wanawake wa Ashajer wakaungana nao. Mezre hivyo hivyo, Dargoz hivyo hivyo. Kule juu walikuta wanaume wa Serav wamesimama kwenye jiwe na majembe yao, na wanaume wa chini nao walikuwa wamekuja nyuma ya wake zao na fimbo. Damu ilikuwa karibu. Na kwao kuna desturi, mwanangu: mwanamke akivua kitambaa chake cheupe akakitupa kati ya wanaume wanaogombana, ugomvi unakufa hapo. Anayekivuka amemvuka mama yake mzazi.

Zarife alikuwa bibi harusi wa miezi minne. Akatoka kwenye kundi, akavua kitambaa, akakitupa miguuni pa baba yake mwenyewe.

"Nikamwambia," akasema, na hapo alinitazama mimi, si kokoto. "Nikamwambia: baba, maji ni ya Mungu na ya mlima. Ukiyafunga wewe si mkubwa wa maji. Wewe kizibo tu."

Kizibo! Mwanangu, hilo neno liliniingia kama mwiba wa samaki.

"Akafanyaje?" Ni Mama Jeanine aliyeuliza. Watoto walikuwa wamenyamaza.

"Akalia. Akaokota kitambaa, akanirudishia kichwani kwa mkono wake. Kisha akatoa jiwe."

Nikamwuliza, kwa ukaidi wangu, "Sasa Daye, kijito kizuri hivyo, mbona uko huku?"

Hakukasirika. Akasema miaka mingi baadaye askari walikuja na amri kwamba vijiji vihamwe. Walianza na Berav, kwa kuwa kilikuwa barabarani. Wakakichoma. Watu wa Berav wakapanda mlima, na Serav wakafungua nyumba, kila nyumba ya juu ikachukua nyumba ya chini. Ilipofika zamu ya Serav walitoka wote pamoja, vijiji vitano, mkono kwa mkono. "Walitufukuza," akasema, "lakini hawakutukuta mmoja mmoja. Kama baba hakutoa jiwe siku ile, nani angefungua mlango siku hii?" Halafu akasema vijiji vile siku hizi vimeandikwa majina mengine kwenye vibao vya barabara. Akatema mate pembeni. "Vibao vyao. Mdomo wangu." Akazigusa tena kokoto: Serav, Dargoz, Mezre, Ashajer, Berav.

Akasimama, akaigeuza ndoo yake ikae sawa, akaiweka nyuma ya ndoo ya Mama Jeanine, kwenye foleni.

"Lukas ana mkono," akasema. "Kizibo ni nani?"

Ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Nami nilikuwa nimeshika maji nikidhani wembe hautanifikia! Siku chumba cha sita, cha tano na cha nne vingekuwa vitupu, Lukas angehitaji nini na mimi wa chumba cha kwanza? Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa ua wetu na mdudu alikuwa mimi. Nikavua ufunguo. Kufuli ikakataa mara ya kwanza. Ilipofunguka, Mama Jeanine akajaza ndoo yake mpaka ikamwagika. Hakusema aksanti, na alikuwa na haki.

Kesho yake Bwana Lukas alipokuja nilimngoja getini, mbele ya spaza, kile kiduka cha jirani, watu wakiona. Nikamwekea mkononi kufuli na ufunguo wake.

"Utajuta, Mama Bahati."

"Nimeshajuta. Ndiyo maana nakurudishia."

Akawa mwekundu. "Sawa. Jumamosi nakata bomba lenyewe. Tuone mtakunywa nini."

Mwanangu, utasikia watu wanasema mwenye nguvu mpishe. Hata mimi nilikuwa nikisema. Ijumaa ile Mwajuma alisema hivyo hivyo, akaanza kufunga mizigo. Mama Esperance akamjibu, "Dada, tumempisha mwenye nguvu kuanzia Kongo mpaka hapa. Mbele kuna bahari. Tumpishe tuingie baharini?" Mwajuma akacheka akiwa na machozi, akafungua mizigo.

Jumamosi asubuhi Lukas akaja. Alikuwa na vijana wawili wenye nyundo na fundi bomba mmoja, mtu mzima, Baba Dlamini, kutoka hosteli za Jeppestown, na msumeno wa chuma. Sisi wanawake tulikuwa tumeketi kulizunguka bomba, kila mmoja juu ya ndoo yake. Wanaume wetu walisimama nyuma. Trezo alikuwa na kipande cha bomba mkononi, Diedone ana tofali, Azad ana mkasi wake wa ngozi. Bahati, mama yako, nilimfungia ndani na watoto wengine, lakini aliona yote dirishani, muulize.

"Ondokeni," akasema Lukas.

"Tupite wapi, chini ya mlango?" akajibu Mama Esperance.

Vijana wakainua nyundo. Trezo akasogea hatua moja. Damu ilikuwa karibu, kama kule juu Serav. Na ingemwagika, polisi wangetubeba sisi, si wao, na vyumba vingekuwa vitupu kabla ya saa sita. Daye Zarife alilijua hilo. Akasimama, akafungua fundo chini ya kidevu, akavua kitambaa chake. Tulikuwa hatujawahi kuziona nywele zake. Zilikuwa nyeupe na chache, kama sufu iliyobaki kwenye miiba. Akakitupa chini, kati ya nyundo na tofali.

Wanaume wote wakasimama pale walipo. Lukas akakitazama.

"Hii ni nini? Nguo za kufua?" Akacheka. Na akakikanyaga. Kiatu chake, buti lenye tope, katikati ya kitambaa kile.

Hapo nilimwona Zarife akifumba macho. Mlima wake, baba yake, vijiji vyake vitano, vyote vilikuwa chini ya kiatu, kwa sababu mtu huyu hakujua sheria. Nikafikiri: basi, imekwisha. Kisha nikafikiri: hapana. Kama hajui sheria, leo atafundishwa.

Nikavua changu. Kilikuwa kitenge cha bluu chenye ndege, nywele zangu hazijasukwa, nimesimama mbele ya wanaume kama mwendawazimu. Nikakitupa kando ya kile cheupe. Mama Jeanine akavua chake, mapacha mwilini. Mama Esperance, msusi mwenye kichwa cha maonyesho, akavua. Mwajuma alikuwa Mwislamu wa kujisitiri, na ndiye niliyemwogopea zaidi. Alimtazama mumewe. Mzee Shabani akageuza uso ukutani, na Trezo na Diedone wakageuza nyuso zao pia, kumpa heshima. Akavua. Vitambaa vitano, mwanangu, vimepangana mstari mmoja mbele ya bomba.

Baba Dlamini akaweka msumeno chini.

"Hawu," akasema, sauti ndogo. "Hawu, gogo." Gogo kwao ni bibi.

"Kata!" akasema Lukas.

"Bwana, kwetu mwanamke mzima akivua kitambaa cha kichwa mbele yako kwa ajili yako, hiyo ni laana, nenda ukaage nyumbani. Mimi nina mama. Sitapita juu ya vichwa hivi."

"Ni vitambaa tu!"

"Basi pita wewe." Akauchukua msumeno, akampa Lukas kwa mikono miwili, kwa adabu, kama anavyopewa mgeni sahani.

Vijana wa nyundo walikuwa wameshafika getini. Lukas alibaki na msumeno ambao hakujua kuushika, vitambaa vitano mbele yake na macho ya ua mzima juu yake, na jirani wa spaza amepanda kreti achungulie vizuri. Akainua mguu. Akaurudisha. Akasema tutaonana. Nikamwambia, "Njoo na kiu, tutakupa maji."

Na unajua Zarife alifanya nini? Hakungoja aondoke. Aliokota kitambaa chake chenye alama ya buti, akafungua bomba mpaka mwisho, akalowesha, akapaka sabuni, akachukua mwiko wangu wa fufu akaanza kukipiga juu ya saruji. Pa! Pa! Pa! Kama Berav. Kila pigo akitaja kijiji. Lukas akiwa bado getini anahangaika na komeo, mama yule akamfulia tope lake mbele ya macho yake, akakikamua, akakivaa kichwani kikiwa kinadondoka maji.

Sikudanganyi kwamba dunia iliisha vizuri hapo. Lukas alirudi, na barua, na vitisho. Tulikaa miaka minne mingine, na kila mtu aliondoka kwa miguu yake, siku yake. Wengine baadaye walitufungia maji kwa njia nyingine. Mji huu, mwenyewe unaujua. Lakini katika ua ule hakutokea tena mtu wa ndani wa kushika ufunguo. Zarife alifariki msimu mmoja wa baridi hapa hapa Johannesburg, hakurudi kwenye kijito chake. Nilikuwa nimemshika mkono. Alinitaka nitaje, nikataja vyote vitano, akanisahihisha Ashajer, akatabasamu.

Sasa sikia, Neema, na wenzako msikie. Mwenye nguvu hana mikono ya kutosha. Siku zote anakuja kuiazima kwetu, na anakuja mpole, kofia mkononi, anakuita mtu wa akili. Jumatatu warudishie orodha yao. Kazi ya geti ifanye kama watakuachia uifanye kwa haki. Wasipokuachia, rudi hapa, fufu lipo, aibu haipo. Usifunge maji ya aliye chini yako, maana yuko aliye juu yako, naye anakutazama unavyofanya. Na ukishakosea kama mimi, usikae na kosa shingoni ukilipamba. Livue mbele za watu. Watakucheka siku moja. Ufunguo ungekucheka maisha yako yote.

Mungu wa milima yote, ya Uvira na ya Wakurdi, akuweke mahali ambapo maji yanapita, yasituame kwako. Akupe majirani watakaokuja na ndoo tupu bila kukuogopa. Mkono wako uwe wa kufungua. Kichwa chako kisiinamishwe na buti la mtu, na likikanyaga kitambaa chako, upate maji ya kukifulia hapo hapo, naye akiona.

Jumapili ukija, kabla ya kula, utanitajia: Serav, Dargoz, Mezre, Ashajer, Berav. Ukikosea nitakusahihisha.